Lenzi isiyovuta kwa picha za kila siku: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Picha nilizopiga usiku ambao mwanangu alitimiza mwaka mmoja simwonyeshi mtu. Sebule ilikuwa na taa moja ya darini. Lenzi ilikuwa ile ya kuvuta ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera (namba ikiwa kubwa, picha inasogea karibu), nimeivuta hadi mwisho, na kamera ikajipandishia ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 6400. Keki inaonekana. Mtoto ana chembechembe usoni kama amepakwa mchanga, na mkono wa bibi yake unaomlisha ni mstari wa ukungu tu. Flashi niliizima baada ya picha ya pili, maana ukuta ulijaa vivuli na mwenye sherehe akaanza kulia.

Nikadhani kamera imechoka. Kumbe shida ilikuwa tundu. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi 55, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi isiyovuta, yaani yenye milimita za aina moja tu kama 35 au 50, ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa hesabu ya usiku ule, ISO 6400 ingeshuka hadi karibu 640. Au ningeiacha ISO ilivyo na kuongeza kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, mara kumi, na mkono wa bibi ungekuwa na vidole.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, na chembechembe za ISO kubwa hujazana sehemu zenye giza la picha. Kwa hiyo kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kinachoharibika kwanza ni nyuso za watu wetu, wakati shuka jeupe la nyuma linatoka safi. Wengi hununua lenzi hizi kwa ajili ya ule ukungu mzuri nyuma ya mtu. Mimi ningenunua kwa ajili ya mwanga, ukungu nikauchukulia kama nyongeza ya muuza nyanya.

Pima chumba kabla ya kupima mfuko

Ukiuliza mtu yeyote mwenye kamera, atakwambia nunua hamsini, yaani 50mm. Ushauri huu ni wa zamani na una mizizi mizuri: mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50 kwenye kamera ya Leica. Lakini Leica yake ilitumia filamu ya milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi zilizomo mikononi mwetu, Canon 700D, Canon 2000D, Nikon D3200, Nikon D5300, Sony a6000, zina sensa (kipande kinachopokea picha badala ya filamu) ndogo kuliko hiyo. Sensa ndogo hukata kingo za picha, na hamsini inageuka kuwa kama 75 kwenye Nikon na Sony, kama 80 kwenye Canon.

Tafsiri yake ni hii. Kumpiga mtu mzima kuanzia nyayo hadi utosi, kamera ikiwa wima, kwa hamsini kwenye Canon ya sensa ndogo unahitaji kusimama karibu mita 4 kutoka alipo. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina mita 3 na kidogo. Utapigia picha uani, kupitia dirishani. Kwa lenzi ya 35 kwenye Nikon ya sensa ndogo unahitaji mita 2 na nusu hivi, ambazo unazipata ukiegemeza mgongo ukutani. Hamsini hiyohiyo ukiifunga kwenye kamera ya sensa kubwa kama Canon 6D, nayo inakuridhisha kwa mita 2 na nusu.

Usiniamini mimi, jaribu. Vuta lenzi yako ya 18-55 hadi 35, bandika gundi ya karatasi ile ya mafundi rangi ili isizunguke, kaa nayo wiki nzima. Wiki ya pili iweke 50. Siku ya tatu tu utakuwa umejua ni ipi inakukera. Ukizoea kupiga kwa simu, ambayo kamera yake kuu huwa pana sana, jiandae: zote mbili zitakubana mwanzoni.

1. Nikon 35mm f/1.8 DX

Kwa mwenye Nikon ya sensa ndogo, ambayo Nikon huiita DX, sina mjadala. Ilitoka 2009 kwa dola 199 za Marekani, ina gramu 200, inalenga (inapata ukali wa picha) kuanzia sentimita 30, kwa hiyo unaweza kupiga sahani ya pilau bila kusimama juu ya kiti. Ina mota yake ya kulenga ndani. Kasoro yake ni mstari wa zambarau au kijani kwenye kingo zenye mwanga mkali, kama hereni inayong'aa au tawi la mti mbele ya anga, hasa tundu likiwa wazi kabisa. Ukifunga hadi f/2.8 unapungua sana.

Wenye Sony ya sensa ndogo wana yao ya kiwango hiki, 35mm f/1.8 OSS. Ina gramu 154 na kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, kitu adimu kwenye lenzi za aina hii. Wenye Fujifilm waangalie XC 35mm f/2, gramu 130.

2. Canon 50mm f/1.8 STM

Wenye Canon wameonewa kidogo. Canon haikuwahi kuwatengenezea watu wa kamera za kioo (DSLR, zile zenye kioo ndani) zenye sensa ndogo lenzi ya 35 ya f/1.8 ya bei ya kawaida. Kuna Yongnuo ya 35mm f/2 ya bei ya chini, lakini niliyoijaribu ilikuwa ikilenga pale inapopenda yenyewe. Ndiyo maana hamsini inakaa nafasi ya pili pamoja na lawama zangu zote za hapo juu: kwa pesa yake hakuna kinachoikaribia.

Hakikisha ni STM, aina yenye mota tulivu ya kulenga, iliyotoka 2015 kwa dola 125. Ile iliyoitangulia, yenye alama ya II, ni ya 1990. Mdomo wake unaoshika kamera ni wa plastiki, mota inalia kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na kwenye giza hutafuta shabaha mpaka tukio linapita. STM ina mdomo wa chuma na inalenga kuanzia sentimita 35. Kwa kamera za Canon zisizo na kioo ipo ya RF, ya 2020, na kama una ile ya kamera za kioo (EF) tayari, inafunga vizuri kwa adapta.

Ukiwa na sensa kubwa, iwe Canon au Nikon, panga upya: hamsini ndiyo namba moja yako, na ile 35 ya hapo juu haikuhusu.

Onyo moja kwa atakayeipokea lenzi hii kwa furaha na kuifungua f/1.8 kwa kila kitu. Ukimpiga mtu akiwa mita 1 na nusu, sehemu iliyo kali kwenye picha ina unene wa sentimita 6 hivi. Jicho la karibu kali, sikio limekwenda. Shangazi aliyesimama safu ya nyuma atakuja kukuuliza kwa nini umemfuta. Watu wawili, f/2.8. Safu mbili, f/4 au zaidi, na hapo ubishi na ndugu unaisha.

3. Canon 24mm f/2.8 STM, ile bapa

Ina gramu 125 na unene wa sentimita 2.3. Kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida na kwenye daladala hakuna anayegeuka kuitazama, sifa ambayo hutaiona imeandikwa kwenye boksi. Chumba cha futi kumi inakimudu bila shida. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: kwenye 24 lenzi yako ya kuvuta inafunguka hadi f/4, kwa hiyo hapa unaongeza mwanga mara mbili tu. Kwa picha za mchana, mtaani na safarini, ni raha. Kwa keki ya usiku, hamsini inaishinda. Haifungi kwenye Canon za sensa kubwa.

4. Canon au Nikon 85mm f/1.8

Nzuri kwa nyuso, na mpiga harusi lazima aifikirie. Kwa kila siku, hapana. Ya Canon hailengi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 85, na ndani ya nyumba utakuwa ukipiga pua.

Na ile ya kuvuta ya f/2.8?

Sigma 17-50mm f/2.8 na ndugu zake ni jibu la mtu anayelipwa. Kwenye ubatizo au send-off huwezi kumwambia bibi harusi arudi nyuma hatua mbili. Lakini ina gramu 565, karibu mara tatu ya ile 35, na bado f/1.8 inaipita mwanga zaidi ya mara mbili. Kitu kizito hubaki kabatini Jumapili. Wanyama wa Mikumi ni habari nyingine kabisa; huko usiende na lenzi yoyote niliyoitaja hapa.

Ukinunua ya mtumba

Nilinunua hamsini yangu ya kwanza Kariakoo, ya Nikon, ile ya alama D. Nikamwonyesha muuzaji kamera yangu, D3100. "Kaka, Nikon kwa Nikon, hiyo inaingia." Ikaingia kweli. Ila haikulenga yenyewe, wala haitalenga yenyewe milele, kwa sababu lenzi nyingi za D hazina mota ndani na kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kuzisukuma. D90 na familia ya D7000 wanazo. Kama kamera yako ni ya kundi la kwanza, tafuta herufi AF-S kwenye pipa la lenzi. Risiti ilisema bidhaa ikishauzwa haipokelewi, basi.

Tangu hapo naenda na kamera yangu, betri imejaa, na tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili, kwa mshazari. Vumbi dogo lisikusumbue. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, na miji ya pwani kama Dar, Tanga, Mombasa na Unguja inalilea vizuri sana. Rudisha lenzi mezani hata ukipunguziwa nusu. Pete ya mbele yenye kibonyeo maana yake imewahi kuanguka. Kisha piga picha tano za maandishi ya boksi kwa f/1.8, uzikuze kwenye skrini ya kamera palepale dukani. Muuzaji akinuna mwache anune.

Nyumbani usiihifadhi kwenye kipochi cha ngozi, kinatunza unyevu. Chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa kubana kinatosha, pamoja na pakiti za silika mpya. Zile ulizozikuta kwenye boksi la viatu zilikwishakunywa unyevu wake kabla viatu havijafika dukani.