Tathmini ya mzazi: mazoezi ya kupunguza tiki (CBIT), nyota 4 kati ya 5

Kwa mzazi mwenye haraka, jibu ni ndiyo, lipia. Mwanangu wa kiume, miaka 11, ana ugonjwa wa Tourette, na amemaliza tiba ya mazoezi ambayo hapa Marekani inaitwa kwa herufi CBIT. Tiki, yaani miondoko na sauti zinazomtoka bila kukusudia, hazikuisha. Zimepungua kiasi cha kumwezesha kukaa kipindi kizima darasani, na shingo haimuumi tena usiku. Atakayekwambia kuna kitu kinachoziondoa zote mkimbie, maana dawa ya kuponya Tourette haijapatikana, si Ohio ninakoishi, si Tanga nilikozaliwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipokuwa natafuta nilipata kurasa nyingi za Kiingereza na video za watu wanaotukana ovyo barabarani. Zile video zimewaharibia sana watoto wetu. Wanaotoa matusi bila kukusudia ni wachache, takribani mmoja katika kila 10 wenye Tourette. Mwanangu hajawahi kutukana mtu. Yeye alianza kwa kupepesa macho. Kliniki moja ikatuambia ni mzio, tukapewa matone. Macho yakatulia, ikaja pua, kisha kichwa kikaanza kurushwa kulia, tena kwa nguvu, na mwisho ikaja sauti ya kooni kama mtu anayesafisha koo bila kukoma. Mama yangu aliisikia kwenye simu, akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtoto amekabwa na nini?" Akashauri asomewe. Akasomewa, na dua haikumdhuru mtu. Hata hivyo nilitaka daktari pia.

Daktari wa mishipa ya fahamu hakutoa damu wala hakupiga picha ya ubongo. Aliuliza maswali mengi, akamtazama mtoto akicheza, akaomba nimwonyeshe video nilizorekodi nyumbani. Tourette hutambuliwa hivyo hivyo: tiki za mwili zaidi ya moja, ya sauti angalau moja, ziwe zimeanza kabla ya miaka 18, na ziwe zimedumu zaidi ya mwaka hata kama huja na kuondoka. Mara nyingi huanza kati ya miaka 5 na 7, hupamba moto kwenye miaka 10 hadi 12, na wengi hupata nafuu wanapokaribia utu uzima. Wavulana hupata zaidi kuliko wasichana. Kwa hiyo mwanangu alikuwa katikati ya moto wenyewe.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la chanzo. Nilifanya nini nilipokuwa mjamzito? Nilimkaripia sana? Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa najua kina mama wengine wanajiuliza hayo hayo kimya kimya. Daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliandika kuhusu wagonjwa 9 mwaka 1885, na yeye mwenyewe aliona kwamba ni jambo la mwili na la kurithi. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mawazo yaligeuka, ikasemwa ni nafsi iliyojeruhiwa, na lawama ikaangukia malezi, yaani mama. Miaka ya 1960 ndipo dawa ya haloperidoli ilipoanza kutuliza tiki, na madaktari kama Arthur Shapiro wa New York wakasimama kusema wazi kwamba shida iko kwenye ubongo. Wazazi waliochoka kulaumiwa walianzisha chama chao hapa Marekani mwaka 1972.

Leo tunajua mengi zaidi. Ndani kabisa ya ubongo kuna maeneo yanayochuja mienendo, yanaruhusu huu na kuzuia ule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na Tourette, wakaandika mwaka 2005 kwamba sehemu moja ya maeneo hayo ilikuwa na upungufu wa seli za kuzuia. Breki zenyewe ndizo hafifu. Na vinasaba? Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliolinganisha watu 4,819 wenye Tourette na 9,488 wasio nayo, ukaonyesha kuwa hatari imesambaa kwenye vinasaba vingi sana, kila kimoja kikichangia kidogo. Hakuna kinasaba kimoja cha kunyooshea kidole, wala mzazi mmoja. Kilichonisikitisha ni kwamba watu hao wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Damu yetu haimo kwenye hesabu hizo, na nadhani sisi tulio huku tukiombwa kushiriki kwenye utafiti tusikatae haraka.

Sasa huduma yenyewe.

Tulianza na dawa. Klonidini ilimsaidia kulala lakini ikamsinzisha darasani pia. Dawa ambazo mamlaka ya Marekani imeziidhinisha rasmi kwa Tourette ni 3, haloperidoli, pimozidi na aripiprazoli, na zote zinaweza kuleta madhara kama kuongeza uzito au usingizi. Sizipondi. Kuna mtoto anayejipiga au kuumia kwa tiki zake, huyo dawa ni mkombozi. Lakini mwaka 2019 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema CBIT ifikiriwe kwanza, kabla ya dawa. Nilipousoma nikamuuliza daktari wetu mbona hakuitaja mwanzoni. Akajibu kwa unyoofu kwamba wanaoijua ni wachache na foleni ni ndefu.

Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Foleni ilikuwa ndefu kweli. Wengi waliojitangaza kwamba wanatibu tiki walikuwa wanasaikolojia wazuri tu, lakini nilipouliza kama wamefundishwa CBIT walianza kuzungumzia wasiwasi na hasira. Bima ililipa sehemu na sisi tukaongezea kila kikao. Ninafanya kazi zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, kwa hiyo ilibidi nibadilishane zamu na wenzangu. Mwishowe tulimpata mwanamama mmoja anayefanya kwa video, mtoto akiwa mezani jikoni kwetu, na kusema kweli video haikupunguza kitu.

Utaratibu wake ni vikao 8 ndani ya wiki 10, viwili vya kwanza vikiwa virefu. Kikao cha kwanza mtoto ndiye aliyezungumza zaidi. Waliorodhesha tiki zote, akapanga mwenyewe ipi inamsumbua kuliko nyingine. Mimi ningeweka sauti ya koo juu, kwa sababu ndiyo watu wanayogeuka kuitazama kwenye basi na msikitini. Yeye akaweka shingo. Mtaalamu akafuata la mtoto, na nilimheshimu kwa hilo.

Kisha wakaanza kuisaka ile hisia inayotangulia. Karibu watoto wakubwa wote wenye tiki wanaihisi: kitu kinajikusanya mahali fulani mwilini, na tiki ndiyo inayokitoa. Mwanangu hakuwa amewahi kutuambia. Alipoulizwa alikaa kimya, akashika upande wa kushoto wa shingo, akasema, "Ni kama kola ya shati inanibana, hata nikiwa sijavaa shati." Nilikuwa naosha vyombo, nikazima maji nisikilize. Miaka yote hiyo nilidhani kichwa kinajirusha chenyewe.

Walikaa wakizungumza mambo ya mpira, na kila alipohisi kola inabana alitakiwa kuinua kidole. Mwanzo kidole kilikuja baada ya kichwa kurushwa. Baadaye vikaenda pamoja. Baadaye tena kidole kikatangulia. Hapo ndipo tendo pinzani lilipoingia: anaposikia hisia, anashusha kidevu kidogo kuelekea kifuani, anakaza misuli ya shingo taratibu, macho yanatazama mbele, anashikilia dakika moja au mpaka hisia ipite. Kichwa hakiwezi kurushwa shingo ikiwa imekaa vile, na aliye karibu naye hatambui chochote. Kwa sauti ya koo ni pumzi: anavuta polepole kwa pua mpaka tumbo lijae, anatoa polepole kwa mdomo. Jambo la msingi ni kwamba hisia inapita yenyewe bila tiki, na ubongo unajifunza hilo kwa kurudiarudia. Mazoezi haya yana mizizi kwa Azrin na Nunn, wanasaikolojia walioandika mwaka 1973 juu ya kubadili mazoea. CBIT imeongezea juu yake mambo ya nyumbani na ya shuleni.

Hayo ya nyumbani ndiyo magumu, na hakuna anayekuandaa. Mtaalamu alituuliza nini hutokea tiki zinapozidi. Tukajibu: baba yake humwambia aache, mimi humkanda shingo, dada yake huhama kiti, na kama ni wakati wa kazi za shule tunampumzisha. Akatuomba yote hayo yakome. Tusiseme lolote kuhusu tiki, si kwa ukali si kwa huruma, na kazi ya shule iendelee baada ya mapumziko mafupi yenye muda unaojulikana. Tunachokisifu ni zoezi pekee. Mume wangu aliona ni ukatili, mimi pia mikono iliniwasha. Nikampigia mama simu nikamweleza kwamba mjukuu akitoa sauti aendelee na mazungumzo kana kwamba hajasikia. Akasema, "Basi nitamsimulia hadithi ndefu." Na akafanya hivyo. Nyumba ilibadilika kabla hata tiki hazijapungua. Kelele za "acha!" zilikwisha, na mtoto akaacha kujificha chumbani.

Wengi wananiuliza kama kuizuia tiki hakuifanyi ilipuke baadaye au itokee nyingine mahali pake. Nami niliuliza hivyo hivyo. Watafiti wamelipima jambo hilo na hawakuona mlipuko wala tiki mbadala. Kwetu pia hapakuwa na mlipuko, ingawa jioni za shule alikuwa mchovu, kwani zoezi linataka akili yote.

Namba zake ni hizi, na nazipenda kwa kuwa hazijatiwa chumvi. Jaribio kubwa la mwaka 2010 hapa Marekani lilikuwa na watoto 126 wa miaka 9 hadi 17. Waliopewa CBIT, asilimia 52.5 walipata nafuu ya wazi, na waliopewa mazungumzo na elimu tu ni asilimia 18.5. Wengi wa walionufaika walikuwa bado na nafuu miezi 6 baadaye. Kwa watu wazima matokeo ni madogo zaidi, asilimia 38.1. Maana yake karibu nusu ya watoto hawapati nafuu hiyo ya wazi, na mzazi aingie akijua. Kwetu shingo imepungua sana. Sauti ya koo imepungua kidogo tu, na wiki za mitihani inarudi karibu kama zamani.

Shuleni hatukuwa na bahati mwanzoni. Mwalimu mmoja alikuwa akimtoa nje kila anapotoa sauti. Mtaalamu alizungumza na shule kwa simu, bila kutoza, akaeleza kwamba kumtoa nje kunazidisha. Huduma hiyo peke yake ningeipa nyota zote.

Nani asubiri? Mtoto mdogo ambaye bado haihisi ile hisia atapata shida. Mtoto ambaye tiki hazimsumbui, zinakusumbua wewe, mwache. Na kama ana shida ya umakini au mawazo yanayomlazimisha kurudia mambo, vitu ambavyo huandamana sana na Tourette, mwambie daktari mapema, pengine hivyo ndivyo vya kuanza navyo.

Kwa ndugu walio nyumbani: tiba hii haihitaji mashine. Inahitaji mtu aliyefundishwa, kiti na mzazi mvumilivu. Uingereza walijaribu tiba ya jamii hiyo kupitia intaneti kwa wiki 10, watoto 224, matokeo yakatoka mwaka 2021: ukali wa tiki ulishuka kwa asilimia 16, na kwa waliopewa elimu tu asilimia 6. Ni nafuu ndogo, lakini ilipatikana bila vikao vya ana kwa ana, na hilo ndilo ningependa mtu wa Muhimbili au Nairobi alichukue alitengeneze kwa Kiswahili. Mpaka hapo, ukienda kwa daktari wa akili au wa watoto peleka video fupi za tiki kwenye simu yako, kwani mbele ya daktari mara nyingi hupotea. Na ukimpigia mwanasaikolojia, usimuulize kama anatibu Tourette. Muulize amefundishwa wapi CBIT, na tendo pinzani la shingo linafanywaje. Akikueleza kidevu, misuli na dakika moja, weka miadi siku hiyo hiyo.