Sakilipu za kununua Mombasa, kutoka ile ya kuamini mpaka ile ya kutupa

Sakilipu, wengine waiita loki, wengine snapu ringi, ni kile kiringi cha springi chenye mdomo wazi, wakitia kwenye gruvu, yaani mfereji mwembamba, ya shafti ama ndani ya tundu kizuie beringi au gia isitembee. Bei yake haifiki chai na chapati mbili, na hapo ndipo shida yaanzia. Mtu atachagua beringi nusu saa, ataulizia ya Mjapani, atanusa mpaka grisi, halafu ikifika kwa sakilipu aichukua ile ile ya zamani, aipangusa na petroli, airudisha.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivo hivo. Tuktuk yangu ilikuwa yafanya kazi Kongowea, siku moja dereva apiga simu, "Mzee, gurudumu la nyuma lacheza na lalia." Nikamwambia simama hapo hapo. Kufungua, beringi ishatoka nje ya nyumba yake, imelala upande, imekula habu, kile kitovu cha gurudumu. Sakilipu ipo, haikuvunjika, yazunguka tu humo ndani kama bangili kwenye mkono mwembamba. Nikaisukuma na kidole gumba ikaingia gruvu, na kidole, bila plaisi, na hapo ndio nikajua hiki sasa ni kipande cha bati hakina springi tena. Miezi miwili nyuma fundi alikuwa ameitoa na bisibisi na akairudisha, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale naangalia na sikusema kitu. Nikalipa beringi, nikalipa habu, nikalipa wa kuivuta, na siku tatu bila hesabu.

Sasa kabla sijazipanga, tuzungumze namba kwanza maana ukikosea namba hata nzuri itakuwa mbaya. Namba ya sakilipu sio kipimo cha sakilipu yenyewe! Ya nje, yaani ya kuvaa shafti, yaitwa kwa unene wa shafti, na ya ndani yaitwa kwa upana wa tundu. Ikiwa imelala mezani haijabanwa vipimo vyake ni vingine kabisa, ya ndani ya milimita 40 ukiipima na vanea, kile kipimo cha kubana, kwa nje utapata 43.5 kwa sababu lazima iwe kubwa kuliko tundu ndio isukume kuta, na ya shafti ya 20 ikiwa huru tundu lake ni 18.5, ndogo, ndio ibane. Mtu apima kiringi chake nyumbani, aenda dukani ataka 43, aambiwa chukua 42 ama 45, achukua, afika gereji masikio, zile ncha mbili za mdomoni, yagongana hayaingii, arudi kumtukana mwenye duka wa watu.

Njia rahisi ni kusoma namba ya beringi. 6203 ni 17 ndani na 40 nje, basi sakilipu ya shafti ni 17 na ya nyumba ni 40. 6202 ni 15 kwa 35, 6204 ni 20 kwa 47, 6205 ni 25 kwa 52. Hizo nne tu zakutoa kwenye mambo mengi, mapampu ya maji, mota, vigurudumu. Kama hakuna beringi basi pima shafti yenyewe ama tundu lenyewe, pembeni ya gruvu, usipime kiringi.

Haya, namba moja kwangu ni ile nyeusi ya chuma cha springi yenye masikio mawili na vitundu vya plaisi. Ukienda duka la beringi la maana sema DIN, yaani vipimo vya Kijerumani, DIN 471 kama ni ya shafti, DIN 472 kama ni ya tundu, na milimita zako, watakuelewa mara moja na watajua wewe sio wa kuchezewa. Huo weusi sio uchafu, ni fosfati na mafuta. Kwa 40 ya ndani unene ni 1.75 na upana wa gruvu yake ni 1.85, yaani nafasi ni nywele tu, kwa hivyo gruvu ikiwa na kutu ama mchanga sakilipu haikai chini, yasimama juu juu, na siku ikisukumwa yaruka. Safisha gruvu na kitu chembamba mpaka uone chuma. Gari zetu nyingi ni za Japani na za Mjapani zatofautiana kidogo, 40 yake ni 1.8, lakini kwa shafti ya 20 ni 1.2 kwa wote. Shida kubwa ni mashine za Marekani za inchi, shafti ya inchi moja ni 25.4, ukiilazimisha ya 25 yaingia ndio, lakini gruvu yake sio ile na wewe utakuwa watafuta balaa.

Ukiishika ile nyeusi pitisha kidole kwenye ukingo. Upande mmoja ni wa mviringo kidogo, laini, upande mwingine ni mkali kama sarafu mpya, kwa sababu yakatwa na mashine kutoka kwenye bati. Ule laini uangalie beringi, ule mkali uegemee ukuta wa gruvu unaobeba mzigo. Ukigeuza, ukingo wa mviringo ndio utabaki kushika ukuta, na mzigo ukizidi yapanda yatoka. Mafundi wengi hawajui hii na hawataki kuambiwa, kwa hivyo itie mwenyewe ama simama karibu.

Namba mbili ni stenlesi, lakini kwa watu wa bahari tu. Wavuvi wa Likoni na Mtongwe, wenye mashine za boti, mapampu ya maji ya chumvi, nyinyi nyeusi mtaibadilisha kila mara kutu ikila. Ila stenlesi nayo ina mambo yake. Watu wajaribu na sumaku, ikishika wasema umeuziwa feki. Si kweli, stenlesi ya sakilipu mara nyingi ni ile iliyofanywa ngumu kwa moto na hiyo yashika sumaku kama kawaida. Ile stenlesi ya aina ya 316 ambayo haishiki sana ndio yavumilia bahari zaidi, lakini ni laini, springi yake ndogo, usiitie mahali pa mzigo mkubwa. Kwa gereji ya nchi kavu, hata ukikaa Bamburi na upepo wa chumvi wakupiga usoni, nyeusi na grisi yatosha.

Tatu ni za waya, zile za mviringo za pini ya pistoni ya boda na zile za mwisho wa shafti ya gurudumu la mbele la gari. Hizi sio za kuchagua, huna mbadala, lakini nimeziweka hapa kwa sababu ya sheria moja: kila ukitoa, tupa. Hata kama yaonekana mpya. Ya pistoni ikitoka kwenye gruvu yake yakwaruza silinda na hapo ushaharibu injini kwa kitu cha bei ya peremende. Nunua pamoja na pistoni, na ukitia mdomo wake uelekee juu ama chini, usielekee kwenye kile kikato cha kutolea.

Kuna na zile za kujizungusha kama springi iliyolala, mizunguko miwili bila masikio, nzuri sana mahali penye nafasi ndogo, watoa na bisibisi nyembamba kwa kupenya kwenye kikato. Mimi nshakutana nazo kwenye mashine za kiwandani kule Shimanzi, madukani kwetu mpaka uagize. Kama mashine yako ilikuja nayo rudisha hiyo hiyo.

Nne, klipu ya E. Hii ndogo ya kusukumiwa ubavuni, ipo kwenye printa, cherehani, waya wa kabureta, vitasa. Ni rahisi na hamna haja ya plaisi, lakini yashika sehemu tatu tu za shafti, usiipe mzigo. Na namba yake ni kinyume na zile za juu: E ya 6 ni ya gruvu ya milimita 6, yakaa kwenye shafti ya 7 mpaka 9. Ukienda na kipimo cha shafti utapewa kubwa itaanguka njiani.

Tano ni lile kasha la plastiki lenye vyumba vyumba, vipande mia na zaidi, lauzwa kila mahali. Sikatai, ninalo, saizi ndogo za kurekebisha feni na midoli ya watoto latosha. Lakini saizi unayoitaka ndio iko mbili tu na ndizo za kwanza kuisha, na unene hawaandiki. Pima kila moja, nshakuta mbili za chumba kimoja hazilingani.

Sita, zile zinazong'aa ambazo hazina alama wala paketi. Hapa najua nitabishana na watu, maana Mombasa tumezoea kuogopa kutu na kitu kikimeta twadhani ni bora. Chuma kigumu cha springi kikipakwa zinki kwa umeme bila kuchomwa tena kwenye joto baadaye, haidrojeni yabaki ndani na kiringi chaweza kupasuka chenyewe baada ya siku kadhaa, hakuna aliyekigusa. Waliofanya vizuri wapo, lakini kwenye ndoo ya dukani utajuaje?

Mwisho kabisa, usiguse: ya zamani iliyofunguliwa na bisibisi, msumari uliokunjwa, waya wa kuchomelea uliokatwa kwa mkono. Nimeviona vyote vitatu kwenye gia boksi moja.

Na nunua plaisi yake, wallahi. Ya nje ukibana mikono yafunguka, ya ndani ukibana yafunga, kwa hivyo ni mbili, ama ile ya kugeuza ncha ambayo mimi siipendi kwa sababu ncha zakatika. Fungua sakilipu kiasi cha kupita tu, ukiipanua zaidi ushaiua kabla haijaanza kazi. Vaa miwani. Mzee mmoja wa duka la beringi Mwembe Tayari kila nikimuomba moja anihesabia mbili. Siku ya kwanza nikamwambia, "Ami, nataka moja." Akasema, "Najua, mwanangu. Moja ni ya kuruka." Ile ya kuruka mpaka leo iko nyuma ya kompresa yangu mahali, naisikia nikifagia, siioni.