Ruta mpya ya Wi-Fi 6: miezi saba ya mtandao unaokatika

Nimeitumia ruta hii kwa miezi saba, na nimejizuia kuandika chochote hadi nipate hakika kwamba kosa si la laini ya faiba, si la umeme na si langu. Ni ruta ya kizazi cha Wi-Fi 6, ya daraja linaloandikwa AX3000, yenye antena nne na umbo jeusi linalong'aa, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 185,000 ili ichukue nafasi ya ruta ya zamani iliyonitumikia miaka sita. Jina la mtengenezaji na la duka sitayataja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwa majirani wawili wenye ruta za kampuni nyingine za kizazi hikihiki.

Ninafanya ukalimani wa mikutano ya mtandaoni nikiwa nyumbani, Tabata. Katika kazi hii kasi si jambo kubwa, maana sauti ya mkalimani haihitaji hata megabiti moja kwa sekunde. Jambo kubwa ni mtandao kutokatika. Nikinyamaza kwa sekunde kumi, msikilizaji hupoteza hoja ya msemaji. Nikinyamaza kwa dakika nzima, mwandaaji wa mkutano huanza kumtafuta mkalimani mwingine, na safari ijayo simu yake haiji kwangu.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii ni Wi-Fi 6, mtandao hautakusumbua tena," akanionyesha ile namba 3000 iliyochapishwa kubwa kwenye boksi. Nimekuja kuielewa namba hiyo baadaye. Ni jumla ya kasi za redio mbili, yaani sehemu za kurushia mawimbi ya Wi-Fi, zilizomo ndani ya kifaa: megabiti 574 kwa sekunde katika masafa ya gigahezi 2.4 na megabiti 2,402 katika masafa ya gigahezi 5, kisha jumla ikasogezwa juu hadi 3000. Hakuna simu wala kompyuta inayopata jumla hiyo, kwa sababu kifaa kimoja huunganishwa na redio moja kwa wakati mmoja. Hata hizo 2,402 hupatikana tu pale ruta inapotumia chaneli, yaani njia ya mawimbi ndani ya masafa, yenye upana wa megahezi 160, na simu zote zilizomo humu ndani zinaishia megahezi 80. Kifurushi changu cha faiba ni megabiti 30 kwa sekunde. Ni sawa na kununua bomba la inchi sita wakati maji ya mtaani yanakufikia kwa mpira wa bustani. Ruta yangu ya zamani ilikuwa inazibeba megabiti hizo 30 bila shida yoyote.

Siku mbili za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Siku ya tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa katikati ya sentensi ya mjumbe aliyekuwa akizungumzia bei za mbolea, sauti yake ilikatika. Ruta ilikuwa mbele yangu juu ya kabati. Taa ya umeme ilikuwa inawaka, taa ya intaneti ilikuwa ya kijani kama kawaida, lakini taa ya gigahezi 5 ilikuwa imezimika. Kompyuta iliendelea kuutafuta mtandao ilioupoteza, kisha ikaangukia gigahezi 2.4, ambako ruta za majirani wote zinabanana, na wakati huo programu ya mkutano ilikwisha kunitoa nje. Taa ile iliwaka tena baada ya dakika moja na sekunde chache. Mchana ilizimika tena, nikaipima kwa saa ya simu: dakika moja na sekunde chache zilezile.

Mtu yeyote mtandao ukimkatikia humlaumu kwanza mtoa huduma, na mara nyingine huwa ana haki. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao uliyumba nchini kote na hapakuwa na ruta ya kulaumiwa. Hapa hali ilikuwa tofauti. Niliunganisha kompyuta ya pili kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, na kila Wi-Fi ilipopotea, kompyuta hiyo iliendelea kama kawaida. Faiba ilikuwa nzima na intaneti ilikuwa inaingia ndani ya ruta; kilichokuwa kinakufa ni redio.

Jibu nililipata kwenye ukurasa wa kumbukumbu za matukio ndani ya mipangilio ya ruta, mahali ambapo kijitabu chake hakikutaja hata kwa mstari mmoja. Kwa siku ile peke yake ruta ilikuwa imeandika mara nne kwamba imegundua rada. Sehemu ya masafa ya gigahezi 5, kuanzia chaneli ya 52 hadi ya 144, Wi-Fi huitumia pamoja na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na rada ndizo zenye haki ya kwanza. Ruta inayotaka kuitumia sehemu hiyo hulazimika kusikiliza kimya kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kurusha, na ikisikia kitu kinachofanana na rada sharti iondoke mara moja na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ile dakika moja niliyokuwa naipima ilitoka huko.

Chaneli kuanzia 36 hadi 48 hazina sharti hilo, na zinatosha kabisa upana wa megahezi 80. Lakini chaneli yenye upana wa megahezi 160 haienei hapo. Ni lazima ivuke hadi 64, yaani iingie kwenye eneo la rada. Mtengenezaji ameitoa ruta kiwandani ikiwa imewashwa megahezi 160 ili ile namba ya kwenye boksi iwe ya kweli, na kwa kufanya hivyo amempa mnunuzi mtandao ambao unaweza kuzimika muda wowote kwa ajili ya kasi ambayo vifaa vyake haviwezi kuifikia. Wala si lazima pawe na rada ya kweli jirani, maana kelele za redio za aina nyingine zinaweza kuipotosha ruta ikadhani imeisikia. Jambo hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Mnunuzi asiyejua atabadilisha mtoa huduma, atahamisha ruta kutoka chumba hadi chumba, atawagombeza watoto kwamba wanamaliza mtandao, na kumbe tatizo liko kwenye mpangilio mmoja aliochaguliwa na mtu mwingine.

Nilipoushusha upana hadi megahezi 80 na kuifunga kwenye chaneli ya 36, taa ya gigahezi 5 haikuzimika tena kwa siku tisa mfululizo.

Kasoro ya pili ni ule utaratibu wa kuyaweka masafa yote mawili chini ya jina moja, na ruta kuamua yenyewe kifaa gani kikae wapi. Nyumba yetu ni ya tofali za saruji, na kati ya sebule na jiko kuna kuta mbili. Mawimbi ya gigahezi 5 hudhoofika haraka yakipita kwenye kuta za namna hiyo, kwa hiyo ni kweli kwamba simu ikiwa jikoni inafaa kuhamishiwa gigahezi 2.4. Ruta hii, hata hivyo, huihamisha, huirudisha na kuihamisha tena wakati mtu amesimama palepale, na kila safari simu hukatika kidogo. Mama yangu aliacha kunipigia kwa picha kwa sababu kila mara alikuta nimeganda. Printa, ambayo inajua gigahezi 2.4 tu, haikuunganishwa kabisa hadi nilipotenganisha majina ya mitandao na kurudisha ulinzi wa Wi-Fi kutoka aina mpya, WPA3, hadi ya zamani, WPA2.

Kasoro ya tatu sijaipatia dawa kamili. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huwaka haraka kuliko kile kisanduku cheupe cha faiba kilichopo ukutani. Inaomba anwani ya mtandao, inakuta kisanduku bado hakijaamka, kisha inakata tamaa na kubaki na taa nyekundu hadi mtu aichomoe na kuichomeka tena. Ruta ya zamani ilikuwa inaendelea kuomba hadi inapata. Nimenunua betri ndogo ya volti 12 inayovishikilia vifaa vyote viwili umeme unapokatika, na kwa kukatika kwa muda mfupi inanisaidia. Usiku mmoja, lakini, ruta ilijisasisha programu yake bila kuniuliza, na asubuhi nikaikuta imerudi kwenye megahezi 160 na jina moja la mtandao. Kazi yote niliyoifanya ilikuwa imefutwa, nami nikaigundua nikiwa tayari kwenye kikao.

Nilirudi dukani ndani ya mwaka wa garantii. Kijana wa kaunta alikuwa mpole na alinikaribisha vizuri, akaichomeka ruta, akaunganisha simu yake akiwa hatua mbili kutoka pale ilipo, akafungua video na kusema, "Dada, mbona inafanya kazi?" Kwa kipimo hicho hakuna ruta itakayofeli. Nilimwonyesha picha nilizopiga za ukurasa wa kumbukumbu, lakini akanieleza kwamba garantii inahusu kifaa kisichowaka.

Sipendi msomaji aelewe kwamba kizazi chenyewe ndicho kibovu. Wi-Fi 6, ambayo vifaa vyake vilianza kupewa ithibati mwaka 2019, ina mambo ya maana: inaweza kuhudumia vifaa vingi kwa mpigo mmoja badala ya kuvipanga foleni, na nyumbani kwetu jioni, watoto wakiwa kwenye televisheni na mimi nikipokea mafaili, tofauti hiyo tuliiona. Ninacholaumu ni kuuziwa kifaa ambacho hakikupangwa kwa ajili ya nyumba ya mtu wa kawaida, na ambacho hufuta mipangilio ya mwenyewe anapolala. Kwa bei hiyo siwezi kumshauri mtu ainunue, isipokuwa yule ambaye yuko tayari kuingia kwenye mipangilio siku ya kwanza, kuzima megahezi 160, kutenganisha majina na kuzima usasishaji wa usiku.

Kwa upande wangu, nimenunua waya wa mtandao wa mita 20 kwa shilingi 25,000, fundi ameupitisha juu ya dari hadi chumba ninachofanyia kazi, na mwisho wake nimeichomeka ruta ya zamani. Ile mpya imebaki sebuleni kwa ajili ya televisheni. Jumatatu nina kikao cha saa tatu, na kompyuta yangu itakuwa kwenye waya.