Kabati la Rangi Lenye Hita Yake: Tathmini Baada ya Msimu Mzima wa Baridi

Kwa miaka mingi karakana yetu ilihangaika na mambo mawili yasiyopatana. Rangi za mafuta pamoja na thina hutakiwa kukaa mbali na chochote kinachoweza kuziwasha, lakini baridi ya usiku ikizidi, rangi hizohizo huwa nzito kiasi kwamba asubuhi hazipiti kwenye bunduki ya kupulizia. Na zile za maji zikiganda hata mara moja, mara nyingi hukatika kama maziwa yaliyochacha, zisirudi hali yake hata zikikorogwa kutwa. Ndiyo sababu tulinunua kabati la chuma la kuhifadhia vimiminika vinavyowaka, lenye hita iliyofungwa kiwandani.

Kilichonivutia ni kwamba kabati hili halichukulii baridi kuwa kinga. Wengi wetu hudhani kwamba chumba kikiwa cha baridi moto hauna nafasi, ilhali mvuke wa asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi, unaweza kushika moto hata katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche, pengine mbali kabisa na kopo lililoachwa wazi. Hita ya kawaida ya chumbani, yenye waya unaowaka na swichi inayotoa cheche kila inapojiwasha, ndicho kitu cha mwisho ninachotaka kukiona karibu na rafu za rangi. Hita ya kabati hili imeidhinishwa kutumika mahali penye mvuke unaoweza kulipuka, uso wake haufikii joto la kuuwasha mvuke huo, na kidhibiti joto chake huizima na kuiwasha bila cheche kufika kwenye hewa ya ndani.

Kabati lenyewe ni imara. Kuta zake ni za mabati mawili yaliyoachana kwa milimita 38, kizingiti cha chini kina kimo cha milimita 50 ili kopo likivuja rangi isimwagike nje, na milango hushikiliwa na kiungo cha madini kinachoyeyuka joto likifika nyuzi 74, ikajifunga yenyewe. Tuliliunganisha na waya wa ardhi siku ileile lilipofika.

Kidhibiti tumekiweka kwenye nyuzi 15, wala sikubaliani na wanaotaka kukipandisha ili rangi iwe nyepesi zaidi. Rangi nyingi huhifadhiwa vizuri kati ya nyuzi 5 na 35, lakini zailini, ambayo imo katika thina nyingi, huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 27 hivi. Anayelipasha kabati kupita hapo anajaza mvuke wa hatari ndani ya sanduku lililofungwa. Rangi ikihitaji kulainishwa zaidi, ipelekwe mapema kwenye chumba cha kupakia rangi chenye feni ya kutoa hewa.

Kasoro zipo. Makopo yakibanwa hadi ukutani joto halizunguki, na rafu ya juu hubaki na joto kuliko ya chini, hivyo tumelazimika kuacha nafasi ambayo tungependa kuitumia. Umeme ukikatika usiku hakuna kengele wala taa ya kutuarifu, na kopo kubwa lililopoa huchukua saa nyingi kurudi kwenye joto linalofaa.

Bei nayo ni kubwa, na najua wapo watakaoshawishika kununua kabati la kawaida, kulitoboa tundu na kupitisha waya wa hita waliyonayo. Nawasihi wasifanye hivyo. Tundu moja linaharibu uwezo wa kuta kuzuia moto, na hita isiyoidhinishwa inaingiza ndani kilekile ambacho kabati lilitengenezwa kukizuia. Mwenye rangi za maji pekee hahitaji gharama hii hata kidogo, kwani chumba kisichoganda kinamtosha.

Ningelinunua tena, ila ningemwomba mtengenezaji aweke kipimajoto upande wa nje wa mlango. Kwa sasa kujua joto la ndani kunamaanisha kuufungua, na kila ukifunguliwa joto linapotea na mvuke unatoka.