Kliniki ya uzito kwa nesi wa kituo cha afya: uzoefu wangu

Kabla hujatoa hela yako kwa dawa za kukata tumbo zinazotangazwa mitandaoni, muone kwanza nesi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nimehudhuria kliniki yake kwa muda wa kutosha kujua uzuri wake na kero zake.

Nilikwenda kwa ajili ya presha. Nesi akaniuliza kama niko tayari tuzungumzie na uzito, au tumalize kwanza lililonileta. Nimezoea kusemwa kabla sijakaa, kwa hiyo swali hilo peke yake lilinilegeza. Mizani ilikuwa nyuma ya pazia, na namba aliiandika kimya kimya, foleni isisikie.

Kilichonishangaza zaidi ni mkanda wa presha. Alipoufunga mkononi mwangu aliutazama, akaufungua, akaenda kutafuta mpana zaidi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene, alisema, husoma presha juu kuliko ilivyo. Alipopima upya namba ilishuka. Sijui ni wangapi wameambiwa wana presha kumbe shida ni mkanda!

Akapiga hesabu ya BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, mbele yangu: kilo zako, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukifika 25 uzito umezidi, 30 ni unene uliopitiliza. Ila hesabu hiyo haijui msuli wala mafuta, kwa hiyo akanipima na kiuno. Kwa mwanamke tahadhari huanza sentimita 80, na 88 hatari imepanda. Kwa wanaume wengi ni 94 na 102.

Maswali yaliyofuata hayakuhusu chakula tu. Nalala saa ngapi, nakoroma, nafanya kazi za zamu, natumia dawa gani? Kumbe insulini, steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kuongeza uzito. Alinisisitiza nisiache dawa yoyote kwa uamuzi wangu, akaliandika suala hilo kwa daktari.

Lengo alilonipa lilikuwa dogo hadi nikacheka: asilimia 5 ya uzito wangu. Kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 5 tu, lakini huweza kutosha kuanza kushusha presha na sukari. Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukufanya uhemee lakini bado uweze kuongea. Tulizigawa kufuata ratiba yangu, si ya mtu wa gym.

Sasa kero. Manesi wanabadilishwa mno. Kuna siku nilimkuta mwingine, faili langu hakulifungua, akanipa karatasi ya makatazo na kuniambia "punguza kula". Tena miadi huwa ya karibu mwanzoni, halafu inaachana sana wakati ule ule uzito unapoanza kurudi, na hapo ndipo mtu anapohitaji kufuatiliwa. Anayehitaji dawa za kupunguza uzito au upasuaji, mimi nilivyoona, hupewa rufaa, kwa hiyo asitegemee kumaliza yote kwa nesi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano watapata siku nitakapomkuta nesi yule yule miadi mitatu mfululizo, au huyo mgeni angalau asome faili kabla hajafungua mdomo.