TAHADHARI: Boksi la "kuongeza nguvu" ya gari linalouzwa hapa Dodoma ni wizi

Jamani, naandika nina hasira na aibu kwa pamoja. Wiki tatu nimekaa kimya, hata mke wangu sikumwambia hela ilikokwenda. Jana nimesikia kijana wa Nkuhungu naye amefungiwa boksi hilohilo. Siwezi kunyamaza tena.

Toyota Starlet yangu mnaijua, na mambo niliyoifanyia mwaka huu mnayajua, ekzosi, filta ya wazi na mengine yote. Nilitaka tu ivute zaidi kidogo.

Huyu fundi aliyenifungia boksi sikumwokota barabarani. Aliletwa na shemeji yangu. Alikuja nyumbani Jumamosi, kavaa ovaroli safi, ana avometa (kile kipima umeme) na kisanduku cha spana kilichopangwa vizuri, akasalimia wazee kwanza ndipo akagusa gari. Akaniambia, "Bosi, Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ya huku nyepesi. Gari yako inakosa pumzi, lazima irekebishwe." Mwinuko ni kweli kabisa, tulisoma shuleni. Nani angebisha? Akasema tuizungushe kwanza ipate moto. Tukaenda mpaka Kizota na kurudi. Akazima, akakata waya mbili karibu na injini, akaunga kiboksi cheusi chenye taa ya kijani, akawasha.

Injini ikapanda yenyewe, mshale wa mizunguko ukasimama kwenye 1,500 kwa dakika, mimi sijagusa mafuta. Akanigeukia: "Umesikia? Imeamka." Mwili ulinisisimka. Nikaingia ndani, nikatoa 280,000 ya ada ya mtoto, nikaihesabu mara mbili mbele yake, nikamkabidhi. Kila nikikumbuka nilivyomshukuru usingizi unakata.

Siku ya tatu harufu ya petroli ikaanza kuingia ndani. Ukikanyaga, nyuma moshi mweusi. Mke wangu akalalamika nguo zinanuka. Nikapiga simu, akasema injini inazoea. Wiki iliyofuata akaja, akadai sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, imekufa, akaniuzia nyingine kwa 120,000. Ile sensa ilikuwa imetumika, imepigwa brashi ya waya tu ing'ae, nyuzi zake bado zina masizi ya gari nyingine. Niliyaona baadaye.

Halafu msiba wa Morogoro. Nilijaza lita 20, ambazo siku zote zinanifikisha Msamvu na zinabaki. Ziliisha kabla ya Dumila. Nina mama yangu mzazi kiti cha nyuma, jua la saa saba, tunasubiri bodaboda alete mafuta kwenye dumu. Tulifika watu wanatoka makaburini. Mama hakusema neno mpaka tunarudi. Hilo sitamsamehe huyu mtu.

Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari. Alifungua plagi zote nne, zote nyeusi, masizi makavu kama sufuria la kuni. Akasema, "Mwanangu, ingekuwa moja ningeilaumu injekta yake. Nne zikifanana, amri inatoka juu." Akanusa kijiti cha oili, kinanuka petroli. Akachomoa mpira mwembamba wa kidhibiti cha presha ya mafuta, mkavu, hauna petroli iliyovuja, basi siyo hicho. Ndipo akafuata waya mpaka kwenye boksi. Waya zile ni za sensa ya joto la maji ya injini, ambayo ukinzani wake wa umeme (unapimwa kwa omu) hupanda injini ikiwa ya baridi. Injini ikiwa ya moto, sensa peke yake ilisoma kama omu 300. Ukipima ukipitia kwenye boksi, zaidi ya 2,000. Yaani kontrol boksi ya gari, kompyuta inayopanga mafuta ya injini, ilikuwa inaambiwa injini ni ya baridi saa zote, kwa hiyo inamwaga mafuta kama asubuhi ya Julai, na mzunguko unapanda. Ile "kuamka" ndiyo hiyo! Geji ya kwenye dashibodi ina sensa yake nyingine, ndiyo maana sikushtuka.

Na kompyuta hiyo ikidhani injini ni ya baridi, sensa ya oksijeni haisikilizi kabisa. Hata angeniuzia mpya isingesaidia. Kuhusu hewa nyepesi, petroli kilo 1 inahitaji hewa kama kilo 14.7. Hewa ikipungua, mafuta nayo yanatakiwa yapungue. Boksi lake linayaongeza!

Tulilivunja. Ndani rezista moja (kidude kidogo cha kuzuia umeme) na taa, vimezamishwa kwenye gundi nyeusi. Rezista haifiki bei ya soda. Mzee akaunga waya zangu, akarudisha sensa yangu ya zamani, tukabadilisha oili na plagi. 85,000 yote, na moshi ukaisha.

Huyu mtu akamatwe. Arudishe hela za watu, kila mtu yake, na afungwe, maana oili ikichanganyika na petroli injini inasagika, na kuna wengine gari ndiyo riziki yao. Asipewe dhamana. Shemeji naye nimemwambia amtafute, maana yeye ndiye aliyemleta.

Mkikutana naye: boksi halina jina, limezibwa kwa gundi, lina waya mbili tu. Anataka injini iwe ya moto kabla ya kulifunga. Hataki risiti. Ukimwomba apime kwa ile avometa anakwambia itaungua. Mengine nimeshayasema.

Mliofungiwa msilitupe, na msimpigie kumwambia mmegundua. Jumatatu saa mbili asubuhi naenda polisi na vipande vya boksi langu. Nitafuteni tuongozane.