Lebo isiyoogopa mafuta: wachapaji wa Barabara ya Biashara

Achari hutoa mafuta. Hata ukaze kifuniko namna gani, tone moja litapanda, litapita mdomoni mwa chupa na kuteremka ubavuni, na likikuta lebo ya karatasi limekwisha iharibu. Nimeuza achari ya maembe na ya ndimu kwa miaka sita, nikianzia na ndoo ndogo mlangoni kwetu Kibokoni, hapa Mombasa, kwa hivyo hilo nililijua zamani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mchapaji naye anatakiwa alijue.

Lebo zangu za kwanza zilichapwa kwa mashine ndogo ya wino wa maji, kwenye kibanda ambacho sitakitaja. Siku ya kwanza zilipendeza. Nikapeleka chupa 36 kwenye duka moja kule ng'ambo ya daraja la Nyali, zikatiwa kwenye friji. Siku ya tatu mwenye duka akanipigia simu nikazichukue. Wino ulikuwa umechuruzika, karatasi imegeuka manjano, na jina la nyanya yangu, ambalo ndilo jina la biashara, halisomeki tena. Achari ndani ilikuwa nzima. Hakuna aliyetaka hata kuionja, na sikuwalaumu.

Dada yangu ndiye aliyenielekeza kwa hawa ninaowasifu leo. Wako Barabara ya Biashara, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la leso. Mlango wa chini una kibao kilichoandikwa "Uchapaji" na mshale wa kuelekea ngazini, na sijasikia mtu akiwaita kwa jina jingine. Wako watatu: mzee mwenye mashine, binti anayechora, na kijana wa kukata na kufunga mizigo.

Nilikwenda na picha ya nembo kwenye simu, nikitaraji tuanze na rangi. Binti hakuitazama.

"Mama, chupa yenyewe unayo?"

Sikuwa nayo.

"Inakaa kwenye friji au kwenye rafu? Na mtu akiifungua, si mara nyingi anakuwa mezani, anakula kwa mkono?"

Nikarudi nyumbani nikaileta. Akachukua vipande vitatu vya stika vilivyobaki kwenye kazi nyingine: kimoja cha karatasi, kimoja cha plastiki, cha tatu cha plastiki iliyofunikwa kwa laminesheni, ule utando mwembamba wa kukinga wino. Akavibandika kwenye chupa, akachovya kidole katika achari yangu, akavipaka vyote na kuitia chupa kwenye friji yao ya maji ya kunywa. "Rudi kesho, mama." Kesho yake cha karatasi kilikuwa kimelowa hadi nyuma. Cha plastiki kilishika, ila wino ulitoka nilipousugua kwa ukucha. Cha tatu nilikifuta kwa kitambaa kikarudi kama kilivyokuwa. Bei yake ilikuwa shilingi 14 kwa lebo moja, kwa lebo 500, na ile ya karatasi ilikuwa 6. Mimi hushindana bei hata ya dania pale Marikiti. Hapo sikushindana.

Rangi ndiyo iliyotuchukua muda. Kwenye simu nembo yangu ilikuwa na rangi ya chungwa inayowaka, kama embe bivu la Malindi. Karatasi ya kwanza ya majaribio ilipotoka, chungwa lile lilikuwa limefifia kama kigae cha zamani. Nilidhani mashine ni mbovu. Mzee akanieleza bila kunidharau: kioo cha simu huchanganya mianga mitatu, nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine huchanganya wino wa rangi nne, samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Ziko rangi ambazo mwanga unazifikia na wino hauzifikii. Akachapa karatasi moja yenye machungwa sita, moja limekolea kuliko jingine, tukateremka nayo barabarani kuitazama juani, kwa sababu, alivyosema, taa ya ndani haiaminiki. Nikachagua la nne.

Kisha wakafanya jambo ambalo sikuliomba. Binti alibadilisha picha zote za kwenye simu zifuate chungwa la wino. Aliyeiona achari yangu WhatsApp usiku, akiingia dukani asubuhi, aikute rangi ileile. Katika kazi yao yote hilo ndilo ninalolithamini zaidi, kwa maana wachoraji wengi hutengeneza ya kioo ikapendeza, halafu wakamwachia mchapaji ahangaike na yake.

Nilipotaka lebo ijazwe maua, saa za kazi, aya nzima kuhusu nyanya na picha ya Ngome ya Yesu, mzee alinichukua hadi dirishani akanionyesha leso zilizoanikwa duka la chini. "Mwanangu, leso ina pindo, ina mji, ina jina. Mtu anaisoma akiwa anatembea." Mji ni sehemu ya katikati, na jina ni ule msemo ulioandikwa juu yake. Katika pindo la mojawapo kulikuwa na maandishi madogo, "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak, ambaye ukoo wake umeuza leso barabara hii kwa vizazi. Mamangu alikuwa akifunua leso anaitafuta alama hiyo kwanza, kabla hajasoma jina. Nimekua nikiona jambo hilo na sikuwahi kulifikiria kwa upande wa chupa zangu. Maua yakaondoka, na ngome pia. Pindo la chungwa likabaki, likachorwa milimita tatu zaidi kupita mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba kisiache ukingo mweupe.

Mzee pia ni mkali katika mambo ambayo wengine huyapuuza. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakukubali kuichapa mpaka alipokiona kibali changu kwa macho yake. Wako watakaokuwekea bila kuuliza, na siku ya kukamatwa utakuwa peke yako. Ule msimbo wa QR wa kumfikisha mteja kwenye WhatsApp yangu waliukuza mara mbili, ili simu iusome kwa urahisi. Waliujaribu kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

Huduma yao ya mitandaoni haijafikia ile ya karatasi, na nasema hivi nikiwapenda. Picha ni nzuri sana: walizipiga saa nne asubuhi kando ya dirisha, juu ya kitambaa cheupe, bila kuweka limau la kupamba ambalo halimo chupani. Maneno ndiyo yaliyonishinda. Walikuwa wameandika "Furahia ladha ya kipekee isiyo na kifani". Nani Mombasa anazungumza hivyo? Nikayafuta nikaandika yangu: "Achari ya maembe, gramu 400, kali. Naleta Kongowea na Likoni kila Jumanne na Ijumaa." Wiki ile nilipata maswali mengi kuliko mwezi uliopita, na karibu yote yalikuwa ya watu wa Likoni wakiuliza nafika saa ngapi.

Makosa yao ni mawili. Walichelewa siku nne kuelekea Idd, wakati mauzo ni makubwa kuliko miezi yote, wala hawakunipigia simu. Mimi ndiye niliyepanda ngazi kila siku. Na faili la asili la nembo, lile linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila herufi kuvunjika, niliomba mara mbili kabla ya kupewa. Kwanza walinitumia picha ya kawaida tu. Mwambieni binti aliandike kwenye risiti kabla hamjalipa arubuni, hatakataa.

Ukienda, beba kitu chenyewe unachouza, kiwe chupa, mfuko au kikopo, na uende kabla ya adhuhuri. Ijumaa hufunga mapema kwa swala. Namba ya simu ya kuweka kwenye kipeperushi ihakikishe mwenyewe: mimi niliwapa laini yangu ya zamani, vipeperushi 200 vikatoka nayo, na mzee akanichapia vingine kwa bei ya karatasi tu.

Lebo za ndimu nazichukua Jumamosi. Chungwa lilelile, ila pindo ni la kijani.